Salamu zilimaliza dakika zangu

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya baraza la mji wa Winooski, nilimaliza muda wangu wote nikisalimia. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilianza na mheshimiwa meya, nikaja kwa waheshimiwa madiwani, nikamtaja karani, wazee waliotangulia kufika, akina mama, vijana, na wote waliohudhuria kila mtu kwa cheo chake. Nikamshukuru Mungu aliyetukutanisha jioni ile tukiwa wazima. Mkalimani alikuwa ndani ya simu iliyolazwa juu ya meza, anafasiri kwa bidii. Hata "kila mtu kwa cheo chake" alihangaika nayo mpaka ikatoka. Nilipovuta pumzi ili niingie kwenye jambo lenyewe, aliyeongoza kikao akaniambia kwa upole kwamba dakika zangu zimekwisha. Mkalimani akanifasiria hilo pia, kwa sauti ileile.

Jambo lenyewe lilikuwa benchi. Benchi moja, la kituo cha basi.

Nilirudi kiti cha nyuma, nikakaa kando ya mzee jirani yangu aliyenileta. Akaninong'oneza kwa Kifaransa: "Lakini umesalimia vizuri."

Kwa asiyeujua, Winooski ni mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, ng'ambo ya mto ukitokea Burlington. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 7,997, na eneo lote halifiki kilomita za mraba nne. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi niliyotoka mimi kule Kigoma, Tanzania, ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Kwa hiyo nilitoka kambini nikaletwa mjini, na mji ukawa mdogo kuliko kambi. Jina la Winooski limetoka kwa Waabenaki, wenyeji wa asili wa huku, nalo linahusu vitunguu pori. Katikati ya mji, kando ya maporomoko ya mto, yamesimama majengo marefu ya matofali mekundu yaliyokuwa viwanda vya sufu. Viwanda vilifungwa 1954. Waliofanya kazi humo wengi walikuwa Wafaransa wa Quebec, kule Kanada, walioshuka kutafuta riziki, wakabanana kwenye vyumba vya kupanga kama sisi tulivyobanana tulipofika: Wakongo, Wasomali, Wanepali waliofukuzwa Bhutan, na wengine wengi.

Mzee jirani yangu ni mjukuu wa hao wa Quebec. Kifaransa chake ni cha jikoni kwa bibi yake, changu ni cha shule ya misheni ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Siku ya kwanza tulipoongea nilimuuliza umri, akasema soixante-quatorze, yaani sabini na nne. Nikasema, aa, septante-quatre. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, maana kwao hakuna mtu anayehesabu hivyo. Ni Wabelgiji waliotufundisha sisi. Tangu siku ile ananiita Septante. Nami namwita Mzee, neno alilojifunza na kulipenda, ingawa analitamka kama jina la mbwa wake.

Ni yeye aliyenisimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto ilipopanda, viongozi wa Winooski walifikiria kwa dhati kuufunika mji kwa kuba moja kubwa. Mwaka 1980 waliitisha hata mkutano wa wataalamu, Buckminster Fuller mwenyewe, yule Mmarekani maarufu kwa kubuni makuba, akaja. Kuba halikujengwa. Nilicheka, halafu nikajipa moyo: watu waliowahi kukaa kujadili kuufunika mji hawatashindwa kusikiliza habari ya benchi.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Kamusi zetu zinakiita kipindi hiki cha Septemba hadi Novemba, kabla ya baridi, vuli. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam akisikia vuli anasikia mvua fupi na jembe. Huku vuli ni kinyume chake, ardhi inafunga duka. Majani ya miti hii yao ya sukari, wanayoiita mepo, yanageuka manjano, yanageuka mekundu, watalii wanakuja na magari kuyatazama. Katikati ya Oktoba sakitu, umande ulioganda, inaanguka usiku mmoja, na asubuhi lengalenga zote za mke wangu, mchicha wetu, zimelala chini nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto. Ikifika Novemba majani yameisha na miti imebaki vijiti vitupu. Wenyeji wenyewe wanakiita kipindi hicho msimu wa vijiti. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilikichukia kipindi hiki miaka yangu yote ya mwanzo. Nilifika Agosti 2016, kwa hiyo salamu ya kwanza niliyopewa na Amerika ilikuwa giza.

Vuli hiyohiyo ya kwanza ndipo nilipopoteza gari. Lilikuwa gari la dola elfu moja na mia mbili, la kwanza katika ukoo wetu. Oktoba kulibandikwa karatasi mlangoni kwetu, na nyingine ikaja kwenye sanduku la barua. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba karatasi za rangi zinazowekwa mlangoni Marekani ni matangazo ya piza, nikazitupa. Karatasi ilikuwa inasema kwamba majira ya baridi magari hayaruhusiwi kulala barabarani, ili magreda ya theluji yapate kupita usiku. Desemba nikatoka kazini alfajiri nikakuta mahali pa gari langu pamesafishwa vizuri, theluji imesukumwa, gari halipo. Nikapiga kelele ya mwizi. Jirani zangu wakaamka. Mzee akatoka na kofia yake ya manyoya, akanielekeza gari lilikopelekwa. Kulikomboa kulinigharimu ujira wa siku mbili. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma, lakini nilibaki na tabia moja: tangu mwaka ule, karatasi yoyote inayokuja kati ya Septemba na Desemba naisoma hadi mwisho, hata kama ni ya piza.

Kura je? Novemba 2020 wapiga kura wa Winooski waliulizwa kama wakazi halali wasio raia waruhusiwe kupiga kura katika mambo ya mji na shule. Wakakubali. Bunge la jimbo likapitisha, gavana akakataa, na Juni 2021 bunge likamshinda gavana. Winooski na Montpelier, mji mkuu wa jimbo, ndiyo miji miwili iliyopata ruhusa hiyo pamoja. Baadaye kesi ikafunguliwa, na Januari 2023 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Vermont ikasema utaratibu wa Montpelier hauvunji katiba ya jimbo.

Mimi nilipiga kura yangu ya kwanza tarehe 1 Machi 2022. Vermont ina desturi ya zamani: Jumanne ya kwanza ya Machi ni Siku ya Mkutano wa Mji. Vijijini bado wanakusanyika ukumbini wanajadili na kunyoosha mikono, kwetu mjini tunapiga kura kwa karatasi. Nilivaa suti. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu na sikuwahi kuchagua mtu yeyote wa kuniongoza mahali ninapolala. Uvira mkuu wa mtaa aliteuliwa. Kambini tulikuwa na viongozi wetu wa kijiji na wa zoni, watu wema, lakini kipimo cha unga hakikuwa mikononi mwao.

Nikapewa karatasi, nikaingia kwenye kibanda. Nikasoma majina, nikachagua. Kisha nikafika kwenye bajeti: je, mji upitishe kiasi hiki? Ndiyo au hapana. Nikageuza karatasi nyuma. Hakuna kitu. Nilikuwa nimekuja na benchi langu kichwani, natafuta pa kuliandika.

Benchi lenyewe lina mwenyewe. Kuna mama mmoja wa kanisa letu, ana miaka zaidi ya sabini, magoti yamechoka, hasomi. Kila Alhamisi huenda kununua chakula na kurudi kwa basi, na pale kituoni husimama na mifuko yake ya unga na kichwa cha mbuzi kilichogandishwa. Akizidiwa anakaa juu ya mfuko wa mchele, kilo ishirini. Nilimkuta hivyo siku moja ya Novemba, upepo unatoka ziwani, nikamwambia, "Mama, utaugua." Akanijibu, "Mwanangu, huu mchele umenibeba kutoka Uvira, utanibeba na hapa." Nikaona aibu kana kwamba kituo ni changu.

Basi jioni ile ya Machi nikamwendea Mzee na suti yangu, nikamuuliza ukurasa wa maombi uko wapi. Hakucheka safari hii. Akanieleza taratibu, ndipo nikaelewa mambo ambayo kwa karibu miaka sita nilikuwa nayapita kama mtu anayepita karibu na kisima akiwa na kiu. Mwaka wa fedha wa mji unaanza Julai. Lakini idara zinaanza kuandika mahitaji yao vuli, majani yanapoanguka. Novemba na Desemba rasimu inafika mbele ya madiwani, wanaikata hapa wanaongeza pale. Januari inafungwa, kwa sababu sheria ya jimbo inataka tangazo rasmi la kura litoke si chini ya siku 30 kabla ya siku yenyewe. Hata wakazi wakitaka kuingiza swali lao kwa saini, wanahitaji saini za asilimia 5 ya wapiga kura na kuziwasilisha siku 47 kabla. Hesabu mwenyewe: Machi toa siku 47, umefika katikati ya Januari. Na kukusanya saini huku theluji iko magotini si mchezo.

"Machi," Mzee akasema, "chakula kiko mezani. Unaulizwa tu kama unakula."

Nikamwambia kwamba hilo nalijua kwa jina jingine. Ni mgao. Kambini siku ya mgao watu walikuwa wanagombana na aliyeshika kikombe: mbona hujajaza, mbona jirani kapata zaidi. Mshika kikombe hakuwa na kosa. Kipimo kilikuwa kimeshaamuliwa mbali, Roma au Geneva, na watu ambao hawajui harufu ya foleni yetu. Tofauti ya huku ni kwamba chumba kinachoamuliwa kipimo kiko mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, mlango uko wazi, sheria inalazimisha ajenda ibandikwe saa 48 kabla na wananchi wapewe nafasi ya kusema. Na viti vingi ni vitupu.

Hilo la viti lilinishangaza kuliko kuba.

Kwa hiyo vuli ya 2022 nikaenda, nikasalimia, nikakaa. Mmeshasikia.

Vuli ya 2023 nilijipanga kama mtu anayekwenda kuposa. Kwanza nilijiandikia. Binti yangu wa darasa la tisa aliweka saa ya simu, nikasoma, ikalia nikiwa bado kwenye sentensi ya pili ya utangulizi. "Baba," akasema, "hawa hawahitaji kujua ulitoka Uvira mwaka gani. Wanahitaji kujua kituo ni kipi." Niliudhika. Nilihisi kuacha salamu ni kuwavua watu nguo. Tukasuluhishana: "Habari za jioni" moja kwa wote, shukrani mwishoni kama muda upo. Sentensi ya kwanza ikawa jina la kituo na upande wa barabara.

Pili niliwaalika watu. Hapa nikagonga ukuta ambao sikuutegemea. Nilitangaza kanisani: kikao Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Akina mama wakaelewa. Vijana waliokulia huku, ambao ndio wenye magari, wakasikia kumi na mbili wakaandika kumi na mbili, saa sita usiku ya kwetu. Jumatatu akina mama wakawa barazani kwao wamevaa vitenge na makoti wanasubiri lifti, vijana hawajatokea. Tulifika watano badala ya kumi na wanne. Siku hizi natangaza kwa kusema "jua likishazama", na Novemba jua linanisaidia.

Ukuta wa pili ulikuwa wa hofu, na huo siwezi kuucheka. Mama mmoja alinivuta kando baada ya ibada: "Baba, hizo karatasi za kura usituguse nazo. Ukiandikisha jina utanyimwa uraia." Hakuwa mjinga. Fomu ya kuomba uraia ina swali linalouliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na mtu asiye raia akipiga kura ya rais au ya bunge la Marekani amejiharibia kweli. Tena Vermont hutuma karatasi za uchaguzi mkuu wa Novemba kwa posta, zinaingia majumbani zenyewe. Mtu anaweza kuona bahasha ya mwenzake akadhani ni yake. Kwa hiyo sikumwambia asiogope. Nilimpeleka kwa karani tukaonyeshwa kwamba orodha ni mbili, ya raia na ya wakazi wasio raia, na kwamba hii ya pili ni ya mji na shule peke yake. Mimi mwenyewe usaili wangu wa uraia ulikuwa mwaka ule. Nilibeba karatasi ya kuthibitisha nilikuwa kwenye orodha ipi, nikaulizwa, nikajibu ukweli, nikaapishwa. Toleo la fomu lililotoka 2024 liliongeza maelezo kwa waliopiga kura kihalali kwenye chaguzi za mitaa zinazowaruhusu. Hata hivyo mama yule hajajiandikisha mpaka leo. Nimeacha kumsukuma. Kusema kwenye kikao hakuhitaji orodha yoyote, na hilo analifanya kuliko wengi wetu.

Jumatatu ile nilisema. Kituo, upande, watu wangapi nilihesabu wakisubiri Alhamisi tatu mfululizo, wangapi walikaa chini au juu ya mizigo. Nilimaliza nikiwa na nusu dakika, nikaitumia kusalimia. Watu walicheka, kicheko kizuri.

Nilidhani watasema ndiyo au hapana, kama kwenye karatasi. Kumbe benchi ni kitu kirefu. Mfanyakazi mmoja wa mji alikaa nami baadaye akanichorea. Ukanda ule wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara ni wa nani? Kibao cha kituo ni cha shirika la mabasi, ardhi ni ya mwingine. Benchi haliwekwi kwenye nyasi, linataka sakafu ya zege, na sakafu hiyo lazima iache nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza, mimi mtu wa ikweta: theluji je? Mashine ndogo inayosafisha njia ya miguu ina upana wake, benchi likikaa vibaya italigonga au italizika, na benchi lililozikwa ni hatari kuliko kukosa benchi. Nani atalichimbua kwa koleo kila dhoruba? Bei ya benchi ilikuwa ndogo. Ghali ni miaka kumi ya koleo.

Nilikwenda nyumbani nimenyong'onyea, lakini si kama mwaka wa salamu. Nilijua sasa jambo langu limelala kwenye rafu gani: si bajeti ya matumizi ya kila siku bali mpango wa miradi ya miaka kadhaa, chini ya vitu vikubwa kama mabomba ya Main Street. Kitu kikiwa na rafu kinaweza kufuatwa.

Miezi iliyofuata akili za watu zilikuwa kwingine. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule za Vermont zilikataliwa na wapiga kura, kwa sababu kodi za majengo zilikuwa zinapanda vibaya. Kanisani watu wakasema hayo ni ya wenye nyumba, sisi wapangaji hayatuhusu. Nami nilifikiri hivyo mpaka mwenye nyumba wetu alipoleta barua ya nyongeza, na sababu aliyoandika ilikuwa kodi. Kiswahili kinaita kodi anayotozwa yeye na kodi ninayomlipa mimi kwa neno moja. Tulikuwa tumelibeba jibu mdomoni siku zote.

Kuna jambo sijalipatia dawa. Vikao ni jioni, na nusu ya watu wetu wanaingia kazini jioni. Mimi naingia saa nne usiku, kwa hiyo nawahi. Wengine wanasikiliza kwa simu, sikio moja lina waya, mikono inasukuma fagio. Kijana mmoja aliwahi kuomba nafasi ya kusema akiwa ndani ya chumba cha ubaridi cha kazini kwake, meno yanagongana. Madiwani walidhani ana hasira. Alikuwa anaongelea taa ya barabarani.

Septemba 2024 nilianza mapema. Safari hii sikusema mimi. Nilimpeleka mama mwenye magoti. Alikataa kusimama kwenye kipaza sauti, akasema mtu mzima hasemi amesimama kama anashtakiwa, wakamsogezea kiti. Akaongea Kiswahili cha Uvira, mfupi kuliko nilivyowahi kuwa mimi, hakuna mheshimiwa hata mmoja ndani yake. Alisema: ninyi nyote mmekaa. Mimi nikiwa huko nje ningependa kukaa pia. Basi. Mkalimani alinyamaza kidogo kabla ya kufasiri. Binti yangu aliniangalia kwa jicho la ushindi ambalo sitalisahau.

Wiki ya kwanza ya Novemba mwaka ule nilipiga kura mbili ndani ya siku chache, kwa maana yangu mwenyewe. Jumanne tarehe 5 nilichagua rais, raia kamili, mara ya kwanza, suti ileile imenibana tumboni. Alhamisi nikapigiwa simu: mtu wa mji anapita pale kituoni kuchukua vipimo, kama nataka nije. Hawakuahidi kitu. Vipimo vinaingizwa kwenye rasimu, rasimu inakwenda Desemba, na Desemba yoyote inaweza kufuta chochote.

Nilikwenda na mama, na Mzee akaja na mbwa wake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, miti vijiti vitupu, majani yaliyolowa yameganda kwenye ukingo wa barabara. Yule mtu alikuwa na tochi ya kichwani na chokaa ya kupuliza ya rangi ya waridi. Nikamshikia ncha ya futi ya chuma pale kwenye ukingo, yeye akarudi nyuma nayo mpaka kwenye ua wa jirani, akasoma namba, akaandika. Akachora pembe nne kwenye lami na nyasi. Basi likapita bila kusimama, upepo wake ukatupeperusha makoti. Mzee akaingia katikati ya ule mstatili wa waridi akapiga mguu chini kama anajaribu sakafu.

Mama alikuwa juu ya mfuko wake wa mchele, anatazama yote hayo kimya. Mwishowe akanivuta mkono wa koti.

"Muulize," akasema. "Litakuwa na mahali pa kuegemea?"